Kava Imepakwa na Mkono, Ngoma Imepikwa Keja

Lisbon kuna lebo inaitwa Príncipe. Tangu 2011 imekuwa ikitoa ngoma za wasee wa mitaa ya nje ya hilo jiji, watoto wa familia za Angola, Cape Verde, São Tomé na Guinea-Bissau, na santuri zao hutokanga na kava imepakwa rangi na mkono. Usidhani ni ile ya mchoro mmoja kupigwa printi mara mia. Kuna msanii wa hapo Lisbon anaitwa Márcio Matos, yeye hukaa chini na furushi la makava na kuyapitia moja moja. Ukinunua yako na beshte yako anunue yake, ngoma ndani ni ileile, lakini mkiziweka kando kwa kando hazitafanana kabisa.

Hii kitu ilinishika macho kabla haijanishika masikio. Jamaa yangu wa Umoja alitumiwa moja na sister yake wa majuu, akaileta kwa mbogi ikiwa bado kwa nailoni. Tukaitoa polepole, watu wamenawa mikono kabisa, ungedhani ni mtoto mchanga. Ukipitisha kidole juu unaskia rangi imeinuka kidogo. Penye brashi iligeuka imeacha ukingo, na kuna tone limetoroka likaenda kukaukia nyuma. Kila mtu kwa hiyo keja alitaka kuishika. Hakuna hata mmoja alikuwa na mashine ya kuipiga, na hiyo ni noma tutafikia.

Kabla ya rangi, ngoma. Kuduro ilizaliwa Luanda, miaka ya themanini ikiisha na tisini ikiingia, Angola ikiwa bado kwa vita yenye ilianza na uhuru wa 1975. Tony Amado, mwenye hupewanga sifa ya kuianzisha, amesema mwenyewe zile hatua alizitoa kwa Jean-Claude Van Damme, ile sini ya Kickboxer penye jamaa amelewa anacheza ndani ya baa, kiuno kimekaza. Sitanii. Filamu ya mateke ya 1989 ikapatia nchi nzima dansi. Biti inakimbia kama 140 kwa dakika, ngoma ni kavu, sauti ni za kompyuta ya bei ya chini, na mtu wa maiki hapumui.

Vita iliisha 2002. By hiyo taimu familia kibao zilikuwa zimeshahamia Ureno, wazazi wakijenga nyumba za wenyewe na kuosha ofisi za wenyewe, halafu jioni wanarudi mitaa ya pembeni: Amadora, Loures, Vale da Amoreira ng'ambo ya mto. Watoto wao walikua na kuduro ya Luanda, funaná ya Cape Verde, tarraxinha ile ya polepole ya kushikana, na hausi ya redio. Kwa keja moja unaskia zote nne kupitia ukuta. Wakachanganya. Wengine huiita batida, wengine hawana hata shughuli na jina.

Kichwa cha hiyo mbogi ni DJ Marfox, jina la kwa kipande ni Marlon Silva. Wazazi wake ni wa São Tomé, na yeye alilelewa Quinta da Vitória, mtaa wa mabanda wenye baadaye ulibomolewa watu wakatawanywa. Msee wa Nairobi mwenye aliona matingatinga yakiingia Kariobangi North Mei 2020 hahitaji kuelezewa hiyo sentensi. Hiyo Fox kwa jina lake aliitoa kwa gemu ya Nintendo, Star Fox, na wadogo wake wakaanza kujipachika Fox nyuma ya majina yao kama heshima kwa mkubwa. 2006 yeye na DJ Nervoso, Pausas, Fofuxo, Jesse na N.K. wakatoa mkusanyiko unaitwa DJs Di Guetto Vol. 1. Hawakuuza. Waliitupa tu mtandaoni, chukua, peleka kwa pati yako. Karibu kila kitu kilipikwa na FruityLoops, ile programu yenye siku hizi inaitwa FL Studio, na yenye maprodyuza kibao wa hapa Nai pia walianzia, wengi wao na kopi yenye hatutauliza ilitoka wapi.

Dunia ya nje iliskia kuduro kupitia watu wengine. Kundi la Buraka Som Sistema walitoa albamu ya Black Diamond 2008 wakaijaza kwa matamasha ya Ulaya. Walikuwa wakali, sina neno. Lakini ile ilikuwa kuduro imevalishwa kwenda kazi. Ya mitaani ilibaki mitaani, faili za MP3 zimebanwa mpaka zinakohoa, zinatoka kwa laptopu hadi kwa laptopu, na nyingi zimepotea siku mashine ilikufa.

Sasa fikiria unachukua hiyo faili na kuiweka kwa santuri. Ni ujinga mtamu. Ngoma yenye iliundwa kupitishwa bure Ijumaa na kusahaulika Jumatatu, unaipeleka kwa mtu wa mastering, na Príncipe kazi hiyo kwa miaka imekuwa ya mzae mmoja wa Lisbon, Tó Pinheiro da Silva. Yeye ndio anafaa kuamua besi itakaa wapi. Juu santuri haibebi kila kitu unachoimwagia: besi ikitawanyika kushoto na kulia, sindano inaruka mfereji, kwa hivyo lazima irudishwe katikati. Ngoma zikiwa nyingi kila upande, mifereji inabanana na sauti inashuka. Ndio maana ngoma za klabu zinapenda ile sahani kubwa ya inchi 12 na trak chache. Baada ya hapo inakatwa kwa laka, inapakwa metali, inapatikana muhuri, halafu plastiki ya moto inabonyezwa katikati ya mihuri miwili. Hiyo kuanzisha mashine inakula doo ileile, uwe unatoa chache ama unatoa elfu kumi. Lebo ndogo inaumia kwa kila kopi.

Ishike chini ya balbu uiinamishe. Utaona kwa macho. Penye biti imejaa, mifereji inang'aa na kuchacharika. Penye imepumzika kuna mkanda mweusi laini. Kwa batida utaona ile mikanda inajirudia, fupi fupi, na hapo unaelewa mbona kiuno kinachoka: hakuna mahali pa kukaa.

Mimi hiyo rangi ya mkono naisoma hivi. Kuprinti kava ya rangi zote ni pesa, na lebo haina. Mwingine angeuza kwa kava nyeupe na stempu, dunia ya dijei imezoea hiyo. Hawa wakasema badala ya doo tuweke muda. Kila kopi ya ngoma ya kijana wa mtaa kama Quinta do Mocho inamaliza dakika kadhaa za mtu mzima ameinama juu yake na brashi. Na huyo kijana, kwa maisha yake ya kawaida, ni nani mjini humpatia hizo dakika? Polisi pengine.

Kwa mtoto wa Nai hii lugha haina ugeni. Nganya ya kwetu, ile matatu ya michoro, haijawahi kuwa gari tu; mwenyewe anajua ya jirani ikiwa na uso wa Tupac yake lazima iwe na kitu kingine, na waziri wa uchukuzi Michuki alipozima michoro na ile laini ya njano 2004, watu walilia kama wamefiwa mpaka rangi ikarudi. Thamani ya nganya ni kwamba hakuna ya pili. Tofauti ni kwamba nganya unaiona bure ukiwa stage, na santuri ya Lisbon inaonekana na mwenye alinunua.

Quinta do Mocho yenyewe, nyumbani kwa DJ Nervoso na DJ Firmeza na mbogi yao, tangu 2014 imejaa michoro mikubwa kwa kuta za maghorofa, na watu wenye zamani hawangekanyaga huko sasa wanakuja na kamera na mtu wa kuwatembeza. Ukizungumza na mkazi wa mtaa wowote wenye umewahi kupakwa rangi hivyo atakuambia inapendeza, na mabomba bado yanavuja. Sisemi rangi ni mbaya. Nasema rangi ina kazi yake na fundi wa mabomba ana yake.

Kitu yenye Príncipe walifanya na naona ni kubwa kushinda kava ni pati. Kwa miaka watoto weusi wa pembeni walikuwa wakirudishwa mlangoni kwa klabu za katikati ya Lisbon; viatu si vya leo, jina halipo, wewe tena na mabeshte wangapi. Toka 2012 lebo ikashika usiku mmoja wa kila mwezi Musicbox, klabu ya Rua Nova do Carvalho kule Cais do Sodré, ile barabara imepakwa pinki yenye watalii hupiga picha. Noite Príncipe. Wasee walikuwa wakija na treni kutoka pembeni, Marfox na Maboku na Lilocox wakiwa kwa deki, na ngoma zilichezwa zikiwa bado hazijatoka, zingine zimemalizwa mchana wa siku hiyohiyo. Treni za usiku zikishaisha hakukuwa na kurudi, ulingoja za asubuhi ukiwa ndani. Nusu ya hizo santuri zilijaribiwa hapo kwanza, kwa miguu ya watu, kabla ya mtu kushika brashi. Nusu ni makadirio yangu ya mdomo, usiandike kwa daftari.

Kama una taimu ya moja tu, chukua DJ Firmeza, Alma do Meu Pai, 2015. Aliitengenezea babake mwenye alikuwa amefariki. Ungetarajia kinanda na machozi. Hakuna. Ni ngoma juu ya ngoma, zinazunguka, mtu anaita kwa mbali, na inaenda hivyo bila kukupatia mlango wa kutoka mpaka unashtukia umesimama. Kwetu pia matanga ya wengine yanakesha na spika, disko matanga tunaijua, kwa hivyo hiyo huzuni ya kuchezwa sikuhitaji kueleweshwa.

Halafu kuna Nídia. Alianza na jina Nídia Minaj, akatoa Danger 2015 akiwa bado tineja, anaishi Bordeaux na familia, mbali na hiyo mbogi yote, anawatumia wasee wa Lisbon faili. 2017 akatoa albamu yake ya kwanza akiwa ameshatupa hilo Minaj, na mwaka huohuo akaingia kwa albamu ya Fever Ray wa Sweden kama prodyuza. Warp ya Uingereza nayo ilikuwa imeshawachukua wasee wa hiyo lebo 2015, ikatoa EP tatu zinaitwa Cargaa. Kwa hivyo usiskie hii stori kama ya watoto wametupwa kona. Walisikika. Swali ni walilipwa aje.

Na hapa ndio ile noma. Wengi wa wasee wenye wanatengeneza hizi ngoma wanacheza na laptopu na kontrola. Santuri yenyewe inaenda kwa shelfu za London, Berlin, Tokyo. Kopi ni chache, ikiisha imeisha, na juu kila kava ni ya kipekee, bei ya mkono wa pili inapanda. Msee wa Lisbon akiuza santuri yake mara ya kwanza anapata kitu. Ikiuzwa tena mara nne, kila mara imeongezeka, yeye anapata duara. Ghana waliona hii movi kitambo: zile posta za sinema zilizochorwa na mkono kwa magunia ya unga miaka ya themanini, za kuvuta watu kwa video za kijijini, leo ziko kwa magalari ya Marekani na wachoraji wengi walilipwa ya kununua rangi.

Pia tusifichane: waanzilishi wa Príncipe ni wasee wa mjini, mmoja wao José Moura ni wa duka la santuri la Flur, na mchoraji pia si mtoto wa Quinta do Mocho. Kuna mtu atasikia hivyo afunge hii kurasa. Mimi siendi hiyo njia. Nimeona lebo za watu wa mtaa wao wenyewe zikikula wasanii wao bila hata kunawa, na hawa kwa zaidi ya miaka kumi bado wanatoa majina yaleyale, na wanaleta wadogo wapya. Lakini ningependa kuona brashi ikipitishwa. Kwa hizo mitaa hakukosi mtoto mwenye anachora.

Hii yetu ya Umoja tuliipeleka kwa anko ya jamaa, Buruburu, mzae wa rumba mwenye deki imefunikwa na kitambaa cha kushonwa. Akaitoa kwa kava bila kuangalia rangi hata kidogo, akaangalia mifereji, akapuliza. Akaiweka 33. Ikatoka kitu nzito, ya kuvuta miguu, sisi wote tukaitikia na vichwa, tarraxinha safi hiyo. Mzae akasema hapana, hiyo mwimbaji ni mgonjwa, akasukuma hadi 45. Glasi kwa meza zikaanza kusogea zenyewe. Hatujawahi kukubaliana ni gani ilikuwa ya ukweli, na nilipenda zote mbili.

Hao wazae tusiwapitishe hivyo tu. Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kubonyeza santuri, na bendi za Tanzania na Zaire zilikuwa zinapanda kuja kurekodi hapa, juu hapa ndio vitu vilikuwa. River Road ilijaa lebo ndogo ndogo, kila prodyuza na karatasi yake ya katikati. Kiwanda kikaenda, kaseti ikaingia, halafu CD za kuchomwa, na sahani zikaishia chini ya vitanda. Leo ukitaka kuziona, Kenyatta Market kuna Jimmy Rugami, Real Vinyl Guru, katikati ya nyama choma na wasusi, na Tom Mboya Street kuna Melodica, duka la tangu 1971. Cheki kava za singo za zamani: nyingi ni karatasi moja ya kampuni yenye tundu katikati, ileile kwa kila bendi. Jina la mwimbaji unalisomea kwa shimo. Hakuna mtu alikuwa na bajeti ya uso wake, sembuse brashi.

Karibu zaidi na Lisbon kwa damu ni Dar. Studio ya Sisso iko Mburahati, na singeli yao inaenda mbio kushinda kuduro, mara moja na nusu hivi, 200 kwenda juu, taarabu imekamatwa ikakimbizwa mpaka inalia. Wanaipiga laivu na Virtual DJ, vidole kwa kibodi ya laptopu, hakuna kifaa kingine. Nyege Nyege Tapes ya Kampala, lebo ya Arlen Dilsizian na Derek Debru, wawili wenye walitoka Ulaya wakatulia Uganda, ikatoa Sounds of Sisso 2017, Poaa ya Bamba Pana 2018, Tatizo Pesa ya Jay Mitta 2019. Slikback wa hapa kwetu naye akatokea kwa lebo yao ndogo, Hakuna Kulala. Ulaya walichanganyikiwa. Na Mburahati ukiuliza santuri, utaonyeshwa flashi. Kava zao ni za printi ya kawaida, na sijui mbona mtu hajaenda kwa wale wachoraji wa Tingatinga pale Dar, wenye rangi ya mafuta wameinywa tangu wazae wao, akawaambia: shikeni hizi mia tatu, fanyeni mtakavyo.

Ama hapa. Arbantone imejengwa kwa ridimu za zamani za dancehall zimekatwa upya, na wachoraji wa nganya wako Nai nzima wakingoja gari ikauke. Kubonyeza itabidi nje, shipping iume, ushuru uume tena, na kopi yako ya kwanza itakuwa imekula doo kibao kabla hujaipatia bei. Sio ya kuomoka. Ni ya mtu mwenye ameshaomoka na kitu kingine.

Kwa sisi wa bila deki, hizo ngoma ziko Bandcamp, na hapo lebo inapata kubwa: jukwaa linakata asilimia 15 kwa faili na 10 kwa vitu vya kushika, na kuna zile Ijumaa zenye walianzisha Machi 2020 hawakati chochote. Anza na Firmeza. Fuata na Mambos Levis D'Outro Mundo ya 2016, mkusanyiko wa mbogi karibu yote, uchague wako. Lycox, Sonhos & Pesadelos, 2017, kwa usiku wa kuendesha. Lilocox, Paz & Amor, 2018, hiyo weka watu wakishakula. Ukimaliza tafuta Estradas ya 2024, Nídia na mpiga ngoma Valentina Magaletti. Na tafadhali isiwe kwa spika ya simu. Besi yote iko chini huko penye simu haifiki, omba ya jirani, mwambie ni ya nusu saa.